Bata Mzinga Alimtangulia Ng'ombe Chunguni

Kila Novemba, Terlingua, kijiji kikavu cha Texas karibu na mpaka wa Mexico, hujaa moshi wa majiko. Wapishi hushindana kupika chili, mchuzi mzito wa nyama na pilipili uliofanywa chakula rasmi cha jimbo hilo mwaka 1977. Mashindano hayo yalianza 1967, na kanuni yake mashuhuri ni hii: maharage ni marufuku. Wapenzi wa chili ya zamani hukunja uso pia wakisikia mtu ametia bata mzinga mahali pa ng'ombe.

Wangerudi nyuma karne nne na ushei, wangeshangaa.

Bernardino de Sahagún, mtawa wa Kifransisko, alifika Mexico mwaka 1529. Akisaidiwa na wasomi wa Kinahua, wenyeji wa huko, aliandika vitabu 12 kuhusu maisha ya Wanahua, hata vyakula vya watawala na vya sokoni. Humo yumo bata mzinga aliyepikwa kwa pilipili nyekundu, nyanya na mbegu za maboga zilizosagwa. Yamo na maharage. Ng'ombe hakuwapo Amerika mpaka Wahispania walipomleta, lakini bata mzinga alikuwa akifugwa Mexico tangu kale, na pilipili, nyanya na maharage yalilimwa hukohuko. Pilipili kali na maharage yanayoungwa kwa nazi Tanga na Lamu asili yake ni bara hilohilo. Yalivuka bahari baada ya Wareno kufungua njia.

Chili ya nyama ya ng'ombe ilijipatia jina San Antonio, Texas. Katika miaka ya 1880, jua likizama, wanawake wengi wao wenye asili ya Mexico walipanga meza ndefu katika uwanja wa Military Plaza, wakawasha taa na kubandika masufuria. Watu wakawaita malkia wa chili. Kwa senti 10 mteja alipata sahani ya moto, na maharage yaliuzwa mezani hapohapo. Wachuuzi, askari na watalii walikaa benchi moja. Mwaka 1893 chili ya San Antonio ikapata kibanda chake katika maonyesho makubwa ya Chicago.

Kilichofuata kinauma. Mhamiaji wa Kijerumani, William Gebhardt, aliyeuza chakula New Braunfels, aliagiza pilipili kavu kutoka Mexico na kuzisaga ili apike chili mwaka mzima, si msimu wa mavuno tu. Unga wake ukawa biashara kubwa, jina lake likabaki kwenye makopo. Malkia wenyewe walifukuziwa viwanja vingine, na mwaka 1937 mji ukawapiga marufuku kwa hoja ya afya. Majina ya wengi wao hayajulikani leo.

Bata mzinga alirudi kwa mlango wa daktari. Lyndon Johnson, Mtexas aliyepata mshtuko wa moyo mwaka 1955, alishauriwa apunguze mafuta, na chili yake ikapikwa kwa nyama isiyo na mafuta. Alipokuwa rais, walioomba maelezo ya mapishi hayo walikuwa wengi hata mkewe akayachapisha kwenye kadi. Maharage hayakuwamo. Baadaye, hofu ya mafuta ilipoenea Marekani, wapishi wengi wa nyumbani walikwenda mbali zaidi: wakasaga nyama ya bata mzinga, wakaikaanga na vitunguu, saumu, bizari nyembamba na pilipili ya unga, wakaongeza nyanya na maharage, kisha wakaiacha itokote taratibu katika sufuria moja. Nyama hii hukauka upesi. Maharage yaliyoiva ndiyo yanayoupa mchuzi uzito wake.

Puebla na Oaxaca, nchini Mexico, harusi nyingi bado hupikiwa bata mzinga katika mchuzi wa pilipili uitwao mole. Jina hilo ni la Kinahuatl, lugha ya Wanahua: molli, yaani mchuzi.