Farumi ya Nyuma ya Trekta Dogo

Farumi ya nyuma ni uzito wa ziada unaofungwa nyuma ya trekta ili magurudumu ya nyuma yakanyage ardhi sawasawa. Neno lenyewe limetoka majini. Nahodha aliyekwisha kushusha shehena hakurudi na jahazi tupu; alitia mchanga au mawe ndani ya ngama, chombo kisije kikalazwa na upepo. Trekta nalo lina haja kama hiyo, ila linalolisumbua ni mzigo ulio mbele yake.

Wanaojitengenezea farumi kwa wingi ni wenye matrekta madogo ya nguvu farasi 20 hadi 40 huko Marekani, Kanada na Ulaya, kwa kuwa matrekta hayo mara nyingi huuzwa pamoja na loda ya mbele. Loda ikijaa udongo, ekseli ya mbele huwa egemeo na trekta zima huwa wenzo: pua inainama, kisogo kinainuka. Dereva huona usukani umekuwa mzito na tairi za nyuma zinateleza juu ya nyasi. Kwenye mteremko hali huwa mbaya zaidi, maana matrekta mengi madogo yana breki za nyuma tu, na breki haiwezi kuzuia kitu kwa gurudumu lisilogusa chini.

Hesabu yake si ngumu, na ndiyo inayoonyesha kwamba mahali pa kuweka uzito pana neno kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua trekta ambalo ekseli zake zimeachana mita 1.6, na loda yake imebeba kilo 300 zilizo mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli ya nyuma inapokonywa kilo 281. Ya mbele inaongezewa 581, karibu mara mbili ya mzigo wenyewe. Sasa tundika kilo 240 kwenye mikono ya nyuma ya haidroliki, sentimita 80 nyuma ya ekseli. Nyuma inaongezewa kilo 360, na mbele inapunguziwa 120. Kilo hizo hizo 240 zikifungwa kwenye rimu za nyuma, nyuma inapata 240 zake, lakini ekseli ya mbele haipunguziwi hata gramu moja. Ndivyo ilivyo pia kwa maji yanayojazwa ndani ya tairi hadi robo tatu: ni njia rahisi, haichukui nafasi, na mikono ya nyuma inabaki huru kwa kazi nyingine, ila haiisaidii ekseli ya mbele, ambayo kwa trekta dogo ndiyo dhaifu. Katika nchi za baridi maji huchanganywa na kloridi ya kalsiamu yasigande, nayo ikivuja hula rimu.

Farumi ya kutundika iliwezekana baada ya Harry Ferguson, fundi mzaliwa wa Ireland, kubuni katika miaka ya 1920 mfumo wa kushikiza jembe kwa pointi tatu: mikono miwili chini na kiungo kimoja juu, ambacho mafundi wetu hukiita toplinki. Mfumo huo ulienea kwa trekta la Ford 9N la 1939, kisha TE20 lililoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, na vipimo vyake baadaye vikawa vya matrekta ya kampuni zote. Kwa hiyo tofali la zege lililomiminwa nyuma ya banda linaweza kukaa kwenye trekta la jirani bila kubadilishwa kitu.

Umbo linalopendwa zaidi ni pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa katikati. Nusu pipa hubeba zege la lita 100, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400, uzito wake ni kilo 240. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa kwa kipimo cha moja kwa mbili kwa nne, hutoa zege la lita 150 hivi, kwa hiyo mfuko haumaliziki. Bahati nzuri ni upana: pipa lina kipenyo cha sentimita 57 hivi, na pini za chini za mfumo wa pointi tatu wa daraja la kwanza huachana sentimita 68. Pipa linaingia katikati ya mikono na kubakiza nafasi ya washa kila upande.

Shafti ya chuma laini ya milimita 22 hupitishwa pipani kama sentimita 12 kutoka chini, mbele kidogo ya katikati, ili uzito uelemee nyuma na pipa lisigonge shafti ya kuendeshea mashine. Nondo haifai kuwa pini: matuta yake hutafuna matundu ya mikono. Lakini ndani ya zege nondo ndiyo inayotakiwa. Shafti laini ikiachwa peke yake huachana na zege na kuanza kuzunguka, kwa hiyo huchomelewa vipande vya nondo vya kukingama, pamoja na bapa mbili zinazosimama kama mlingoti. Tundu la toplinki, milimita 19, huwa sentimita 46 juu ya shafti, yaani kiasi cha sentimita 15 juu ya uso wa zege. Mlingoti ujaribiwe kwenye trekta kabla ya kumimina. Zege likishakauka hakuna marekebisho. Baada ya hapo limwagiliwe maji, lisinyanyuliwe kabla ya siku saba, na nguvu yake lihesabiwe kuwa limeipata siku ya 28.

Wengine hutengeneza sanduku la bati nene na kulijaza mchanga au vyuma chakavu. Mchanga mkavu ni mwepesi, kama kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, lakini sanduku hupunguzwa na kuongezwa kadiri ya kazi. Lisipokuwa na kifuniko, mvua huongeza uzito bila kumwuliza mwenyewe.

Kosa la kutisha ni kufunga mnyororo kwenye farumi na kuvuta kisiki. Trekta likivuta kutoka juu ya ekseli ya nyuma huweza kupinduka kinyumenyume kabla dereva hajafikia klachi. Kuvuta ni kwa ndoano ya chini tu, na uzito wa farumi usizidi uwezo wa haidroliki na tairi ulioandikwa kwenye kitabu cha trekta.

Kwa Massey Ferguson 35 na 135 zinazolima Kenya na Tanzania, nyingi bila loda, mambo ni kinyume: plau ya diski ikinyanyuliwa, mbele ndiko kunakopungukiwa. Hapo vyuma hufungwa puani, na pipa la zege hubaki bandani, limekaa juu ya miguu mitatu ya chuma ili lisibingirike.