Tishali: Neno la Bandarini na Mahali Pake katika Istilahi

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri hutuletea mara kwa mara wakitaka visawe vyake ni neno la Kiingereza "barge". Tuliwahi kupokea orodha ya istilahi za uchukuzi ambamo neno hilo lilikuwa limeandikwa "baji", na pembeni mtayarishaji akaeleza kuwa Kiswahili hakina jina la chombo hicho. Maelezo hayo si sahihi. Kiswahili kina neno tishali, nalo halikubuniwa ofisini, bali limetoka vinywani mwa watu waliokula jasho lao bandarini.

Tishali, ambalo wengine hulitamka tishari, ni chombo kipana chenye chini bapa, kilichokusudiwa kubeba shehena. Halina mlingoti, foromali wala tanga kama jahazi, na aghalabu halina mtambo wa kuliendesha, bali hukokotwa na chombo kingine. Kazi yake ilitokana na hali ya pwani yenyewe. Pale ambapo kina cha maji hakikutosha, meli ilitia nanga mbali, shehena ikateremshwa kwa winchi hadi ndani ya tishali, kisha ikavutwa hadi ukingoni, ambako makuli waliipakua mara ya pili.

Bandari kubwa za pwani yetu ziliendeshwa hivyo kwa miaka mingi. Huko Mombasa, magati ya kwanza ya maji ya kina yalianza kutumika Kilindini mwaka 1926. Gati la Mtwara lilikamilika mwaka 1954, na magati ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1956. Kabla ya hapo, mkonge na pamba vilivyotoka Dar es Salaam, na saruji na nguo zilizoingia, vilipita katika matishali. Wengi wa wafanyakazi walikuwa vibarua wa kutwa, ambao siku isiyokuwa na meli haikuwa na ujira. Hata hivyo, walikuwa na nguvu ambayo wachukuzi wengine hawakuwa nayo, kwani tishali likisimama, meli nayo husimama. Nguvu hiyo ilidhihirika katika migomo ya bandarini ya mwaka 1939, na tena mwaka 1947, pale mgomo ulioanzia bandari ya Dar es Salaam ulipofuata njia ya reli na kuenea bara.

Tanga ndiko matishali yalikodumu zaidi. Meli kubwa ziliendelea kutia nanga mbali na gati hadi bandari hiyo ilipochimbwa katika miaka ya karibuni, kina cha maji gatini kikaongezwa kutoka mita 3 hadi mita 13. Ni dhahiri, basi, kwamba neno tishali halikufifia kwa sababu ya upungufu wa lugha. Lilififia kwa kuwa kazi iliyolitumia ilipungua, na msomi aliyezaliwa baada ya magati hana mahali pa kulisikia.

Hata hivyo, mfasiri asidhani kuwa kila "barge" ni tishali. Waingereza walilipata neno hilo kutoka Kifaransa katika Zama za Kati, na maana zake zimetanuka kuelekea pande zinazopingana. Upande mmoja ni chombo duni cha mizigo. Upande wa pili ni chombo cha fahari. Mwaka 1717 Mfalme George wa Kwanza alisafiri katika Mto Thames kwa chombo cha namna hii ya pili, huku wapiga muziki wakimtumbuiza kutoka chombo kingine. Kadhalika katika tamthilia ya Shakespeare ya Antony and Cleopatra, malkia wa Misri anasifiwa akiwa ndani ya chombo cha aina hiyo. Mwalimu atakayeandika kuwa Cleopatra aliketi katika tishali atakuwa amemkalisha malkia juu ya magunia ya saruji! Hapo panafaa jahazi la kifalme. Na ile ya mkuu wa jeshi la majini ni mashua ya amiri.

Neno hilo hutumika pia kama kitenzi, kutokana na mwendo mzito wa chombo hicho kinapoparamia vingine. Anayefanya hivyo nyumbani mwa watu, kwetu huitwa aliyeingia bila hodi. Akifanya hivyo katika maongezi, amedakia maneno. Waingereza husema pia kuwa kitu fulani hawakigusi hata kwa upondo wa chombo hicho. Upondo tunao, lakini msemo huo hatunao. Mswahili husema hakitaki hata kwa dawa, na hilo latosha.

Tena hapana budi kutenganisha tishali na pantoni. Wakazi wa Dar es Salaam huita pantoni kile chombo cha kuvusha watu na magari kwenda Kigamboni. Likoni huitwa feri, na katika maandishi ya serikali ni kivuko. Tishali hubeba shehena, kivuko huvusha watu. Hati ya forodha au ya bima ikivichanganya viwili hivi, huenda madai ya mtu yakapotea.

Tunapendekeza basi kwamba tishali, wingi matishali, litumike kwa chombo bapa cha shehena, kiwe cha baharini, ziwani au mtoni. Kwa chombo cha fahari, litumike jahazi au mashua pamoja na kivumishi kinachofaa. "Baji" liachwe, kwani halielezi lolote ambalo tishali halielezi, na masikioni linakaribiana mno na beji ya kifuani.

Kabla ya kuandika kuwa Kiswahili hakina neno, yatupasa kwanza tuwaulize walioifanya kazi yenyewe. Makuli wa zamani wanapungua kila mwaka, na kila mmoja wao huondoka na orodha ya istilahi ambayo hakuna aliyeiandika.