Namna ya kuandika CV yenye kusomwa

Goma, Bukavu ao Bunia, tangazo moja la kazi linaleta bahasha nyingi sana. Mwenye kuzifungua anatafuta kwanza jambo moja: huyu anaweza ile kazi? CV nzuri inajibu hilo kwa ukurasa moja ao mbili.

Juu kabisa ni majina yote, mtaa na namba ya simu yenye kupatikana. Kisha kazi, kuanzia ya mwisho kurudi nyuma: mwaka, mahali, na kile mtu alichofanya. Kuandika «reko» peke yake hakutoshi. «Reko, kutembelea nyumba 40 kwa juma wakati wa chanjo» njo inaonyesha uwezo. Hata kazi isiyolipwa ni kazi.

Halafu masomo na luga. Mashi ao Kinande visisahauliwe, juu mashirika mengi yanatumika vijijini.

Mwenye kukimbia vita na kupoteza diploma yake aandike masomo yake vilevile, na aombe shule cheti cha kuthibitisha. Lakini asiongeze uongo: kwenye mahojiano, swali moja linatosha kuufunua.