Foliki kwa Wazee: Kipimo Kushuka Si Moyo Kupona

Vidonge vya asidi ya foliki tunavijua zaidi kama dawa ya mama mjamzito. Lakini wapo wazee, Kisii na Nyamira kama huku pwani, wanaovimeza "kwa ajili ya moyo". Naandika haya kwa sababu shilingi ya vidonge hivyo huenda ndiyo iliyokuwa inunue dawa ya presha.

Hoja yao inaanzia kwenye homosisteini, kemikali inayotokea mwili unapotumia protini. Foleti, pamoja na vitamini B12 na B6, huibadilisha. Zikipungua, homosisteini hujaa kwenye damu, na watu wenye nyingi wameonekana kuugua moyo na kiharusi zaidi.

Je, ukiishusha moyo husalimika? Mwaka 2006 yalitoka majibu ya tafiti mbili. Moja ya Norway ilifuata wagonjwa 3,749 waliopata mshtuko wa moyo. Nyingine, HOPE-2, watu 5,522 wa miaka 55 na zaidi. Kote homosisteini ilishuka, lakini mishtuko ya moyo haikupungua.

Kiharusi kina habari tofauti kidogo. Mwaka 2015 utafiti wa China wa watu 20,702 wenye presha ulionyesha kuwa waliomeza dawa ya presha pamoja na foliki walipata kiharusi asilimia 2.7, na waliomeza dawa ya presha peke yake asilimia 3.4. Kumbuka, wote walikuwa kwenye dawa ya presha. Foliki iliongezwa juu yake, haikuchukua nafasi yake.

Hatari nayo ipo. Mzee aliyepungukiwa B12 akimeza foliki nyingi, damu yake huonekana imepona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika: ganzi miguuni, kuyumba, kusahau. Anayetumia metformini ya kisukari kwa miaka yumo hatarini zaidi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 400 za foleti kwa siku. Kidonge cha miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya hapo.

Chakula je? Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti wa mahindi na ngano uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo. Mahindi yako ukiyasaga posho mill, nyongeza hiyo huipati. Lakini Wakisii wana chinsaga, yaani mgagani, na managu, mboga zenye foleti. Shida ni kuzichemsha muda mrefu na kumwaga maji. Foleti huondoka nayo. Zipike kwa muda mfupi, maji kidogo.

Ushauri wangu kwa mwenye mzazi Kisii, Nyamira au Kilifi: apimwe presha na sukari kwanza, dawa alizoandikiwa asiziache, na kabla ya foliki amuulize daktari kuhusu B12. Mboga haihitaji ruhusa ya mtu.