Safari ya Kutafuta Hisabati na Sanad Yake

Katika mitaa ya Bujumbura, khasa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, wazee wanajua vyema maana ya sanad. Mwanafunzi husoma kitabu mbele ya shekhe wake mpaka akakimaliza. Shekhe akiridhika humpa ijaza, na katika ijaza hutajwa shekhe wa shekhe, na aliyemtangulia huyo, mpaka kufikia kwa aliyekitunga kitabu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba elimu ya hisabati nayo, katika daraja yake ya juu iitwayo udaktari, hupokelewa kwa njia iliyo karibu na hiyo, na kwamba watu wa nchi hizi wamesafiri mbali sana kuitafuta.

Tofauti ni moja. Mwenye ijaza hushuhudiwa kwamba amepokea sawasawa aliyopewa, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Mwenye udaktari wa hisabati hushuhudiwa kwamba amezidisha. Profesa humwelekeza kwenye suala ambalo hapana mtu duniani aliyepata kulijibu, naye hukaa nalo miaka mitatu, minne au zaidi. Akilipata jibu, hana budi kulithibitisha kwa hoja zisizo na ufa, kisha asimame mbele ya wanavyuoni wamhoji. Kazi hii mara nyingi haitaki mitambo ya gharama; hutaka vitabu, karatasi, kalamu na faragha. Zaidi ya hayo hutaka mwalimu ambaye yeye mwenyewe ameufikia mpaka wa elimu hiyo. Mwalimu huyo akikosekana mjini, mwanafunzi hana ila kufunga safari.

Safari za namna hiyo si jambo jipya, na zamani zilielekea upande mwingine. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alitunga kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hisabu za wasia na mirathi. Elimu hiyo ilipostawi, wageni wa Ulaya ndio walioifuata. Gerard wa Cremona, Mtaliano, alikwenda Toledo, Hispania, kutafuta kitabu cha elimu ya nyota kiitwacho Almagest. Alijifunza Kiarabu, akakaa huko miaka mingi, akafasiri kwa Kilatini vitabu vipatavyo sabini, akafariki mwaka 1187. Leonardo wa Pisa naye alijifunza tarakimu za Kihindi mjini Bejaia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake alikuwa akiwasimamia wafanyabiashara wa Pisa. Alirudi kwao, na mwaka 1202 akatoa kitabu kilichowafundisha watu wake hisabu hizo. Basi mmoja alipeleka vitabu, wa pili alirudi mwenyewe, na Ulaya ikafaidika kwa wote wawili.

Ama Rwanda na Burundi, zilikuwa chini ya Wabelgiji, zikitawaliwa pamoja kutoka Usumbura, ndilo jina la zamani la Bujumbura, mpaka uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianzishwa mwaka 1964; lakini chuo kuwapo ni jambo moja, na kuwa na walimu wa kuwalea madaktari wa hisabati ni jambo jingine. Augustin Banyaga, aliyezaliwa Kigali mwaka 1947, ndiye Mnyarwanda wa kwanza kupata udaktari wa hisabati, naye aliupata Geneva, Uswisi, mwaka 1976. Sanad yake inajulikana: alipokea kwa André Haefliger, Haefliger kwa Charles Ehresmann, na Ehresmann kwa Élie Cartan, Mfaransa. Kazi yake juu ya makundi ya mageuzi ya maumbo, iliyochapishwa mwaka 1978, wanavyuoni wa jiometria wameendelea kuitegemea. Kutoka huko alikwenda Marekani, akafundisha Harvard na Boston, na mwaka 1984 akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, akafanya makazi ya kazi yake huko.

Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ni mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari katika hisabati. Alisoma Dar es Salaam, kisha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, katika elimu ya mwendo wa maji na hewa. Yeye alirudi Dar es Salaam kufundisha, na baadaye akahudumu katika chuo kikuu cha Rwanda.

Bujumbura nayo ina Juma Shabani. Mwaka 1987 yeye na Antoine wa Louvain, Ubelgiji, pamoja na Gesztesy, walichapisha makala juu ya nguvu zitendazo kazi katika uso wa tufe, kwa hisabu za elimu ya vitu vidogo kabisa. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Burundi, akawa miongoni mwa viongozi wake, akaitumikia UNESCO miaka mingi nje ya nchi. Kisha akarudi kuiongoza Shule ya Udaktari ya chuo hicho hicho.

Kurudi huko kuna uzito, kwa kuwa sanad hukatika upesi. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwachukua wanafunzi na walimu wengi wa Burundi, na vita vilivyoanza mwaka 1993 vikawatawanya wengine. Mwalimu mmoja wa hisabati akiuawa au akikimbia, haondoki peke yake. Huondoka na wote ambao wangalipokea kwake. Kitabu hubaki rafuni, bali mtu wa kukisomesha hayupo.

Kwa hiyo aliyebaki ugenini asilaumiwe, maana Gerard naye alikaa ugenini na vitabu vyake vikafika. Wala shule ya udaktari nyumbani haiondoi haja ya safari, kwani wanavyuoni wa kila mji husafiri kuonana na wenzao. Inachobadilisha ni hiki: kijana wa Buyenzi mwenye kipaji cha hisabu, ambaye baba yake hana nauli na wala hakubahatika kupata msaada wa masomo, asikatazwe elimu kwa umbali wake. Msafiri akifundisha mmoja mjini kwake, na huyo mmoja akafundisha wawili, jina la Bujumbura litaandikwa ndani ya sanad ya hisabati, kama lilivyoandikwa jina la Baghdad.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana mlango huo. Amin.