Neno "Wakfu" na Maana Yake



Leo twapenda kulitazama neno tulisikialo mara nyingi misikitini na mbele ya Kadhi: wakfu. Asili yake ni Kiarabu, waqafa, yaani kusimama au kusimamisha. Mali iliyowekwa wakfu imesimama: haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Kinachotembea ni manufaa yake tu. Mnazi umesimama, nazi ndizo zinazogawiwa.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipata ardhi nzuri huko Khaybar, mji uliofunguliwa mwaka wa 7 Hijria. Akamwendea Bwana Mtume kutaka shauri, naye akamwelekeza aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Basi Umar akayatoa kwa mafakiri, jamaa, ukombozi wa watumwa, njia ya Mwenyezi Mungu, wasafiri na wageni. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali.

Tuzingatie kwamba jamaa wametajwa. Juu ya hayo, mwaka 1894 baraza kuu la rufaa la Waingereza, lililokaa London, lilibatilisha wakfu mmoja wa Bara Hindi kwa kuwa ulinufaisha kizazi cha mwenyewe kwanza, na mafakiri wakawekwa mwisho kabisa. Mahakimu walilipima neno letu kwa mizani ya sadaka waijuayo wao. Waislamu wa Bara Hindi hawakunyamaza, hata mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuuhalalisha wakfu wa namna hiyo. Lakini hukumu ile ilikwisha vuka bahari, na mahakama za kikoloni za pwani yetu zikaifuata.

Hapa pana funzo. Neno la sheria tusipolijua wenyewe, wengine watatufasiria. Wala tusiwalaumu wageni peke yao: msimamizi aulaye wakfu wa yatima, au auzaye kiwanja cha msikiti, naye amelipotoa neno hili, tena akilijua. Kilichosimamishwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ni nani wa kukiondosha?

Basi tuzisome hati za wazee wetu, tuwafundishe watoto wetu maana yake, na tuwaulize wasimamizi hesabu kwa adabu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa amana. Amin.