Umeme Uliopita Bila Kushuka

Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, karibu na mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Mitambo yake kumi ilikusudiwa kutoa wati milioni 150. Uganda ya siku zile haikuweza kuutumia umeme wote huo, na Nairobi ilikuwa na njaa nao. Mapatano yakafanywa, na mwaka 1958 umeme ukaanza kupita katika waya zilizotundikwa juu ya minara ya chuma kutoka Tororo hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 400 hivi. Njiani ulivuka nchi ya magharibi ya Kenya, ambamo mna Bungoma, Webuye na Malava.

Mkulima wa Malava aliyekuwa akisoma barua kwa taa ya mafuta alikuwa na haki ya kuuliza: Ikiwa umeme unapita katika nchi yetu, mbona haushuki? Ili kumjibu yatupasa kwanza tuijue hesabu moja fupi, na mtu aliyeigundua.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli, naye Ohm akawa mwalimu wa shule kule Köln, akipima umeme kwa vyombo ambavyo vingi alivitengeneza mwenyewe. Mwaka 1827 alitoa kitabu akionyesha ya kuwa mkondo wa umeme katika waya huongezeka kadiri msukumo unavyoongezeka, na hupungua kadiri waya unavyoupinga. Wakubwa wa elimu wa nchi yake hawakukijali. Mwaka 1841 wataalamu wa Royal Society ya London walimpa nishani ya Copley, na jina lake likaanza kuheshimiwa. Alikufa mwaka 1854, karibu miaka mia moja kabla ya bwawa la Jinja kufunguliwa.

Msomaji aliyeyaona maporomoko ya Webuye katika Mto Nzoia ataelewa upesi. Kimo cha maporomoko ni mfano wa msukumo, nao hupimwa kwa volti. Wingi wa maji yapitayo ni mfano wa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Mawe na wembamba wa njia ni mfano wa ukinzani, na kipimo chake, omu, kimepewa jina la mwalimu yule. Gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani kipimo cha nguvu. Taa iliyounganishwa na volti 240, ikipitisha robo ya ampea, ina ukinzani wa omu 960 na nguvu ya wati 60. Hesabu ni hiyo tu.

Lakini Mwingereza James Joule, mwana wa mtengeneza pombe wa Salford, alionyesha katika miaka ile ya 1840 jambo lililokuja kutawala mipango yote ya umeme. Joto linalopotea katika waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani. Mkondo ukiwa maradufu, hasara ni mara nne.

Sasa turudi Jinja. Tuseme twataka kupeleka wati milioni 30 mpaka Nairobi. Kwa volti 240 tungehitaji mkondo wa ampea 125,000, na hakuna waya wa kadiri ambao ungestahimili hivyo. Kwa volti 132,000, ambazo ndizo zilizotumika katika njia ile, mkondo ni kama ampea 227. (Hesabu kamili ya wahandisi ni tofauti, lakini maana haibadiliki.) Msukumo umeongezwa mara 550, na kwa waya zile zile hasara imepungua zaidi ya mara 300,000.

Hapo ndipo alipo mkulima wetu. Volti 132,000 hazifungwi kwenye taa ya nyumba. Kuzishusha kwahitaji kituo chenye transfoma kubwa, kisha waya nyingine na transfoma ndogo, na vyote vyataka fedha. Nairobi ilikuwa na viwanda vya kulipia. Vijiji vilikuwa na wakulima waliotawanyika. Hata hivyo tusimsingizie Ohm. Sheria yake haikukataza kituo kujengwa popote. Walioamua kituo kijengwe wapi ni watu, nao walihesabu wateja.

Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa umeme vijijini mwaka 1973, na kazi ikaenda polepole kwa miaka mingi. Katika mradi mkubwa ulioanza mwaka 2015, nyumba zilizolengwa zilikuwa zile zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Wengi waliokuwa nje ya mpaka huo walinung'unika, na manung'uniko yao yaeleweka. Lakini ukinzani nao una neno. Tuseme waya za kwenda nyumbani na kurudi zina omu 2, na mashine ya kusaga unga mwishoni mwake yavuta ampea 20. Volti 40 zitapotelea njiani pamoja na wati 800 za joto la bure, na jirani wa mwenye mashine atabakiwa na volti 200. Taa yake ya omu 960 itapitisha ampea 0.21 hivi, na badala ya wati 60 itatoa wati 42 tu, mpaka mashine izimwe.